UZI: Mapacha wa sauti, waigizaji wanaokula kwa kusikika kama mastaa wengine

Fundi Spika (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Kama nyumbani una mtoto mwenye mwanasesere wa Woody, yule mchunga ng'ombe wa Toy Story, ukasikia anaongea na ukasema "huyu Tom Hanks huyu", kuna uwezekano mkubwa ulipigwa. Kazi za gemu na vichezeo vya Woody kwa miaka mingi amekuwa akizifanya Jim Hanks, mdogo wake Tom. Wala si siri ya familia, maana Tom mwenyewe alilisema kwenye kipindi cha Graham Norton kule Uingereza huku watu wakicheka. Filamu kubwa anaingia studio yeye, tangu ile ya kwanza ya 1995, na zile sentensi fupifupi zisizoisha za gemu anaachiwa dogo. Na si koo tu. Katika zile mbio ndefu za Forrest Gump (1994), baadhi ya miguu unayoiona ikikata nchi ni ya Jim.

Nataka tuwajadili watu wa aina hii. Siwasemei wachekeshaji wanaopanda jukwaani kuiga wakubwa, hao tunawajua kwa majina na tunalipa kiingilio kwa ajili yao. Nawasemea wale ambao riziki yao inatokana na koo linalofanana na koo la mtu mkubwa kuliko wao. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: kufanana si kosa, na kuufanyia kazi mfanano huo ni ufundi halali. Ubaya unaanzia pale jina la mwenye koo linapofichwa kusudi mimi na wewe tuamini ni yule mwingine.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Jini wa Aladdin. Mwaka 1992 Robin Williams alikubali kumwigiza kwa dola 75,000, kiwango cha chini cha chama cha waigizaji, wakati yeye alikuwa mtu wa kulipwa mamilioni. Sharti lake kubwa: sauti yangu msiitumie kuuzia bidhaa. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 500, na bidhaa zikauzwa kwa sauti yake. Jamaa akasusa. Disney wakampelekea mchoro wa Picasso kama zawadi ya kumpoza, hakupoa. Basi filamu ya pili, The Return of Jafar (1994), pamoja na katuni za televisheni, Jini akapewa Dan Castellaneta.

Huyo Castellaneta ndiye Homer Simpson, yule baba wa katuni ya The Simpsons! Yaani mtu ambaye sauti yake inajulikana dunia nzima, akipita mtaani hakuna anayegeuka kumtazama, anaitwa kuja kuvaa sauti ya mtu mwingine. Uongozi wa studio ulipobadilika, Joe Roth akamwomba Williams radhi hadharani, na filamu ya tatu (1996) akarudi mwenyewe. Ila gemu ya Kingdom Hearts ilipotoka 2002, Jini alikuwa Castellaneta tena.

Kwa sikio langu hakumfikia. Toni aliipata, mikwaruzo aliipata, lakini Williams alikuwa anabuni papo hapo mbele ya maikrofoni, anaruka kutoka mhusika mmoja hadi mwingine kabla hujameza mate. Hapo ndipo mapacha wengi wa sauti wanapokwama. Sikio la mtazamaji linamtambua mtu zaidi kwa pumzi, mahali anapokatiza sentensi, na herufi anazozimeza, kuliko uzito wa sauti yenyewe.

Aliyefaulu hadi akatudanganya wote ni Jim Cummings. The Lion King (1994) ni filamu ambayo sisi Waswahili tuna hisa ndani yake, maana Simba, Rafiki na Shenzi wanatoka kwetu. Kumbukeni wimbo wa Scar na fisi. Scar ni Jeremy Irons. Cummings amesimulia kwamba koo la Irons lilichoka katikati ya kurekodi, na sehemu ya mwisho ya wimbo akaimalizia yeye. Cummings huyohuyo ndiye Ed, fisi asiyeongea, anayecheka tu. Kwa hiyo mwisho wa wimbo ule bosi na mpambe wake wanatokea koo moja, na watu wameusikiliza miaka thelathini bila kugundua mshono uko wapi.

Karibuni, ongezeeni wenu.

Chuma cha Mbagala

Niko pale nimekaa. Mkuu usisahau Christian Slater. Mara ya kwanza kumsikia kwenye Heathers nilidhani wamemchukua Jack Nicholson wakamrudisha ujana. Ule mvuto wa maneno, nyusi juu, sauti inapita puani.

Fundi Spika

Slater amelinganishwa na Nicholson tangu filamu ile itoke, mwishoni mwa miaka ya 80. Lakini yeye ni wa kundi jingine: jina lake liko kwenye bango, sura yake iko kwenye bango. Hakuna aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mfanano ulimsaidia kuingia mlangoni, basi.

binti_wa_makorora

Hamjambo humu. Naona mnazunguka Hollywood tu, wakati sisi wa pwani tumelelewa na filamu za Kihindi, ambako mchezo huu una heshima yake kabisa. Mnamjua Sudesh Bhosle? Ule wimbo wa Amitabh Bachchan kwenye Hum (1991), Jumma Chumma De De, uliopigwa kwenye kila harusi hapa Tanga mpaka spika zikapasuka, Amitabh hakuuimba. Aliyeimba ni Sudesh Bhosle pamoja na Kavita Krishnamurthy, na Bhosle alichukuliwa kwa sababu alikuwa na kipaji cha kuiga sauti nzito ya Amitabh. Tofauti na hao wenu ni kwamba jina lake lilikuwa kwenye kaseti. Mnunuzi anasoma mwimbaji nani, anajua, anafurahi.

Kule mwimbaji wa nyuma ni nyota wa kujitegemea. Mukesh alikuwa sauti ya Raj Kapoor, Mohammed Rafi akaonekana kama kazaliwa kwa ajili ya Shammi Kapoor, na Kishore Kumar baada ya Aradhana (1969) akawa koo la Rajesh Khanna. Walikuwa wanabadilisha uimbaji kidogo kulingana na nani atafumbua mdomo kwenye skrini. Marehemu bibi yangu alikuwa anajua wimbo ni wa filamu ya nani kwa kumsikia Rafi peke yake, kabla picha haijaonekana.

Ila kwenye maongezi, si nyimbo, siri zilikuwepo. Sridevi alipokuja filamu za Kihindi kutoka kusini, Kihindi chake kilikuwa hakijakaa sawa, wakawa wanamwekea sauti za watu. Kwenye Aakhree Raasta (1986) aliyemsemea ni Rekha! Si mwigizaji mdogo anayetafuta ugali, ni Rekha mwenyewe, malkia. Sikilizeni filamu ile halafu msikilize Chandni (1989), ambako Sridevi alianza kusikika kwa sauti yake, mtaona tofauti ya mbingu na ardhi. Na Rani Mukerji, ile sauti yake ya ukwaruzo inayopendwa leo, kwenye Ghulam (1998) waliiondoa wakaweka ya Mona Ghosh Shetty. Mwaka huohuo mwongozaji Karan Johar akamwachia sauti yake kwenye Kuch Kuch Hota Hai, na biashara ikaishia hapo.

Fundi Spika

Dada umetisha, hiyo ya Rekha sikutarajia kuiona humu. Kwa uchangiaji huu uzi ungekuwa wako.

Kamanda wa Kahama

Mleta mada unapamba. Huu ni wizi umevikwa suti. Mtu katumia miaka arobaini kuijenga sauti yake, anakuja kijana mmoja mwenye koo la kufanana, kampuni inamlipa robo ya bei, staa anakosa kazi yake. Kama ningekuwa na duka linaitwa jina fulani, ukafungua la jina hilohilo mkabala, ungeniambia ni ufundi?

Fundi Spika

Kamanda, swali lako lilishafika mahakamani zaidi ya mara moja, na majibu hayako upande wako wote wala upande wangu wote.

Anza na Bert Lahr. Huyu ndiye Simba Mwoga wa The Wizard of Oz (1939), mwenye sauti ya kutetemeka ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Miaka ya mwisho ya 50 studio ya Hanna-Barbera ikatoa mhusika wa katuni, Snagglepuss, simba wa milimani wa rangi ya waridi. Aliyemsemea ni Daws Butler, na sauti ilikuwa karibu sana na ya Lahr. Kwenye katuni yenyewe mambo yakaenda. Snagglepuss alipoanza kuuza nafaka za kifungua kinywa kwenye matangazo, Lahr akaja juu, kwa hoja kwamba watazamaji watadhani ni yeye anayeuza. Suluhisho likawa rahisi ajabu: tangazo likawekewa maandishi kwamba sauti ya Snagglepuss ni ya Daws Butler.

Tafakari hapo, Kamanda. Butler alikuwa na wahusika tele, na waliokuwa wakizitazama katuni zake wengi hawakulijua jina lake. Malalamiko ya staa ndiyo yaliyolileta jina la fundi kwenye tangazo. Kila mmoja alipata haki yake kwa mstari mmoja wa maandishi.

Lahr huyohuyo alikuwa na kesi nyingine. Tangazo la sabuni ya maji iitwayo Lestoil lilikuwa na bata wa katuni anayesikika kama yeye. Mwaka 1962 mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Boston ikasema madai yake yana msingi wa kusikilizwa.

Kisha Bette Midler. Wakala wa matangazo wa Ford walimtaka aimbe wimbo wake kwenye tangazo la gari, akakataa. Wakamfuata Ula Hedwig, aliyewahi kuwa mwitikiaji wake jukwaani, wakamwambia aimbe afanane na Midler kadiri awezavyo. Akafanana kweli, hata rafiki zake Midler wakadhani ni yeye. Uamuzi wa mahakama ya rufaa ulitoka 1988: sauti inayojulikana sana ukiiiga makusudi ili kuuza bidhaa, umechukua mali ya mtu. Fidia ikawa dola 400,000. Miaka michache baadaye Tom Waits, mwanamuziki ambaye naye ni mwigizaji, akashinda kesi dhidi ya watengenezaji wa Doritos kwa mtindo uleule, fidia ikapita dola milioni mbili.

Sasa angalia aliyeshtakiwa ni nani. Ni kampuni na wakala wa matangazo. Hedwig hakuburuzwa kwa kuwa na koo lake. Na majaji walibana uamuzi wao kwa makusudi: sauti iwe inajulikana kwa upana, iigwe kwa kudhamiria, itumike kuuzia. Mfano wako wa duka unafaa kwa tangazo la Ford, kwa Castellaneta haufai. Williams hakuiumba herufi moja ya jina "Jini", mhusika ni mali ya studio, na kwenye orodha ya washiriki pale mwisho jina la Castellaneta lipo.

Kamanda wa Kahama

Sawa, ila anayesoma orodha ya washiriki ni nani? Ikianza kupita tu watu wanatafuta viatu. Bado nasema wizi, labda wa Butler nauachia.

Mkimbizi wa Altona

Nawasalimu kutoka Hamburg. Huku Ujerumani filamu karibu zote zinaingizwa sauti kwa Kijerumani, na kila staa ana mtu wake wa kumsemea miaka nenda rudi. Thomas Danneberg, aliyefariki 2023, alikuwa sauti ya Arnold Schwarzenegger. Pia alikuwa sauti ya Sylvester Stallone. Pia ya John Travolta na Terence Hill, yule Trinity wa utotoni kwetu. Wajerumani wa rika langu hapa kazini wanaona kawaida kabisa Rambo na Terminator kuongea na koo moja, ukiwachezea sauti halisi ya Schwarzenegger wanasema "huyu hafanani naye".

Chuma cha Mbagala

😂😂 Sasa wakitishiana kupigana si jamaa anajitisha mwenyewe?

Wa Kwa Njenga

Wadau, huku Kenya mambo ni hayohayo kwa DJ Afro. Ukiingia kibanda cha movie mtaani, swali la kwanza si nani ameigiza, ni "DJ nani ametafsiri?" Van Damme, Jackie Chan, wote wanaongea kama DJ Afro. Na sasa kuna vijana wengi wanaiga ile style yake, kicheko chake, vile anavyobandika majina kwa adui. Nikisikia clip WhatsApp siwezi kuapa ni yeye.

Na tusisahau wachekeshaji wetu. Nyambane wa Redykyulass alikuwa anatoa sauti ya Moi wakati Moi mwenyewe bado yuko Ikulu. Hiyo ilitaka roho ngumu.

Fundi Spika

Bongo tuna Steve Nyerere, jina lenyewe limetokana na kuiga sauti ya Mwalimu. Ila hawa tunawajua, ndio maana nimewaweka nje. Hilo la waigaji wa DJ Afro liko ndani ya mada kabisa. Sisi tulikuwa na Lufufu, ukikuta kanda yenye sauti yake huulizi hata filamu inahusu nini. Mtafsiri ndiye alikuwa staa, na hapo sasa pacha wa sauti anamwiga msemaji badala ya mwigizaji.

Mwl. wa Zamu

Naomba kuuliza swali la karne hii. Vipi akili mnemba? Maana mnabishana kuhusu koo la mtu na koo la mtu, wakati kompyuta inatengeneza koo lolote.

Fundi Spika

Mwalimu umegusa penyewe, na hapa ndipo msimamo wangu unapopata tabu.

Mei 2024 kampuni ya OpenAI ilikuwa na sauti iitwayo Sky kwenye programu yao ya ChatGPT. Watu wakaisikia, wakasema Scarlett Johansson huyu, hasa kwa kuwa aliwahi kuwa sauti ya kompyuta kwenye filamu ya Her (2013). Johansson akatoa taarifa: Sam Altman, bosi wa OpenAI, alimwomba aifanye kazi hiyo Septemba 2023, akakataa. Kampuni ikajibu kwamba Sky ni mwigizaji mwingine, anaongea kwa sauti yake ya asili, hakuambiwa amwige mtu. Ila Altman siku ya uzinduzi alikuwa ameandika mtandaoni neno moja tu, "her". Sky ikasimamishwa.

Wengi walimwonea huruma Johansson, na ana hoja, kwa sababu inafanana na ya Midler: umeombwa, umekataa, wamepata anayefanana. Lakini mimi namfikiria yule dada mwingine. Kama maelezo ya kampuni ni ya kweli, kaongea kama anavyoongea na mama yake kwenye simu, halafu akaambiwa koo lako limefanana mno, tunaizima. Jina lake halikutajwa, kwa maelezo kwamba wanalinda faragha yake. Jina lingewekwa wazi tangu mwanzo, nadhani nusu ya ugomvi ingekufa.

Mwl. wa Zamu

Au ungeongezeka. Angetukanwa yeye.

Fundi Spika

Inawezekana pia, siwezi kubisha. Mitandao haina dogo.

Cha pili ni Darth Vader, yule adui wa barakoa nyeusi wa filamu za Star Wars. Mwili ulikuwa wa David Prowse, sauti ya James Earl Jones, Mufasa wetu. Jones alipozeeka aliridhia sauti yake itengenezwe kwa kompyuta, na kwenye mfululizo wa Obi-Wan Kenobi (2022) kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Respeecher ya Ukraine. Akafariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Mei 2025 gemu ya Fortnite ikaleta Vader anayepiga soga na wachezaji kwa sauti hiyo ya kompyuta, familia ikiwa imeridhia. Waliolalamika ni chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, ambacho wanachama wake wa gemu walikuwa kwenye mgomo tangu Julai 2024, akili mnemba ikiwa ndiyo kiini cha ugomvi.

Kwa nini chama kilalamike wakati familia imekubali? Kwa sababu kwenye gemu Vader amesemewa na watu kibao ambao si Jones. Scott Lawrence, kwa mfano, kamfanya Vader kwenye gemu tangu miaka ya 90. Hao ndio Jim Hanks wa Vader. Staa alikuwa na kazi nyingi au bei kubwa, kwa hiyo mlango ukabaki wazi kwa mwenye koo la kufanana. Kompyuta inapokuja na ridhaa ya staa mkononi, mlango huo ndio unaofungwa. Kamanda alisema pacha anamwibia staa. Hapa staa na mashine wanamalizana wenyewe na pacha anabaki nje.

binti_wa_makorora

Na kwa India mahakama imeshaanza kufunga milango mingine. Novemba 2022 Mahakama Kuu ya Delhi ilizuia watu kutumia jina, picha na sauti ya Amitabh bila ruhusa yake, maana matapeli walikuwa wanatumia sauti ya kufanana kuendesha bahati nasibu za uongo. Anil Kapoor naye akapata zuio lake 2023, hadi lile neno lake la "jhakaas" likaingizwa. Najiuliza kijana mwenye koo la Amitabh atafanyaje kesho akipewa tangazo la radio. Kanyimwa na Mungu sauti nyingine.

Kamanda wa Kahama

Atangulize jina lake kwanza. "Mimi ni fulani bin fulani, si Amitabh, nunueni mafuta haya." Mleta mada, si ndicho ulichokuwa unakitaka?

Fundi Spika

Ndicho. Na mafuta nisingenunua.